Midomo baada ya filla: mwongozo kamili wa wiki mbili za mwanzo kwa mtu wa Tanga

Mtu akitoka kuchomwa filla ya midomo, cha kwanza ni kukimbilia kioo aone imejaa kiasi gani. Kioo cha siku hiyo hakisemi kweli. Mdomo umechokozwa kwa sindano, una ganzi, na jeli iliyotiwa ndani inavuta maji. Ukubwa unaouona leo si wako, na wa kesho utazidi huu. Katika siku za mwanzo tazama rangi ya mdomo na sikiliza maumivu yake. Ukubwa una wiki mbili zake, usiushughulikie.

Mwongozo huu ni kwa filla ya asidi ya hayaluroniki, ndiyo inayotumika zaidi kwenye midomo. Ni jeli laini. Bomba moja huwa na mililita 1, na watu wengi huchomwa nusu ya bomba au bomba zima kwa mara moja. Kijiko cha chai kinachukua mililita 5, kwa hiyo mdomo mzima uliojazwa umebeba sehemu ya tano ya kijiko tu. Mdomo ukikujaa siku ya pili kama umeumwa na nyuki, huo ni uvimbe.

Kabla hujatoka mlangoni

Utunzaji unaanzia hapo hapo kwenye kiti. Omba stika ya boksi la dawa, yenye jina la bidhaa na namba ya toleo, au ipige picha. Andika kiasi ulichochomwa na saa uliyochomwa. Chukua namba ya simu inayopokelewa usiku, kwa sababu ile ya mapokezi hufungwa jioni. Kisha uliza swali moja bila kuona haya: hayaluronidezi mnayo hapa? Hicho ni kimeng'enya kinachoyeyusha jeli hii. Mshipa wa damu ukiziba, ndicho kinachookoa mdomo. Mtu anayechoma filla bila kuwa nacho karibu ni kama nahodha aliyeacha jaketi za kuokolea nchi kavu.

Kama ulichochomwa ni silikoni, au "mafuta" yasiyo na boksi wala jina, hayaluronidezi haitakusaidia, maana huyeyusha asidi ya hayaluroniki peke yake. Kuhusu zile kalamu za kusukuma jeli bila sindano, zinazouzwa mitandaoni ili mtu ajichome mwenyewe nyumbani: mwaka 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasizitumie. Mamlaka hiyo hiyo imeidhinisha filla kwa watu wa miaka 22 na kuendelea tu. Mwenye umri wa chini ya hapo ana sababu ya kusubiri.

Piga picha nne kabla hujaondoka: mbele, kushoto, kulia, na moja ukiwa umekunja mdomo wa juu na wa chini kuonyesha upande wa ndani. Kesho utalinganisha na picha. Kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi haiaminiki.

Kama umechomwa Dar

Wapo wanaokwenda Dar es Salaam asubuhi, wanachomwa mchana, na jioni wamo ndani ya basi la kurudi Tanga. Usifanye hivyo. Ni karibu kilomita 350, saa tano au sita barabarani, na filla nyingi huchanganywa na lidokeini, dawa ya ganzi. Ganzi hudumu saa mbili hadi nne. Maumivu ambayo yangekuamsha kwamba mshipa umeziba yatakuja ganzi inapoisha, nawe uko kati ya Segera na Muheza, gizani, huwezi kuona rangi ya mdomo wako, na aliyekuchoma yuko nyuma kilomita mia tatu. Lala Dar usiku mmoja, bora miwili. Kama huna wa kukulaza, panga siku nyingine.

Siku yenyewe

Usiguse mdomo kwa saa 6 za kwanza, isipokuwa kwa kipimo cha kidole na barafu vilivyoelezwa hapa chini, kwa mikono iliyonawiwa. Matundu ya sindano hayaonekani lakini yapo wazi, na vidole vyetu vimeshika noti, simu na mlango wa daladala. Usipake kitu chochote, hata mafuta ya mgando, ila kama aliyekuchoma amekupa marhamu yake mwenyewe. Rangi ya mdomo na poda za uso zisubiri saa 24. Siku hiyo ikifika, fungua rangi mpya. Ya zamani, au ile mliyokuwa mkiazimana na wifi, imejaa vijidudu.

Mdomo wenye ganzi hauna akili. Hauhisi moto wala meno. Chai ya rangi ya saa kumi itakuunguza usijue, na mkate wa kumimina utautafuna pamoja na mdomo wako. Kula ganzi ikishaisha, na uanze na vitu laini, vya uvuguvugu au vya baridi: uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu, viazi vya kuponda.

Dafu hunywi kwa mrija. Kufyonza hukusanya midomo na kuikaza, hutonesha mahali palipochomwa na kuongeza damu kuvilia. Mimina kwenye kikombe unywe taratibu. Hali ni hiyo hiyo kwa juisi ya ukwaju, kwa shisha na kwa sigara, na hizi mbili za mwisho zina moto na moshi juu yake. Kubusu nako kusubiri siku mbili. Waambie waume.

Kipimo cha kidole

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Mdomo una mshipa mdogo wa damu unaopita ndani ya nyama yake. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikiubana kutoka nje, sehemu inayolishwa na mshipa huo hukosa damu. Nyama isipopata damu huanza kufa, na kila saa inayopita inapunguza kinachoweza kuokolewa.

Vitabu vingi vinasema utaona ngozi imekuwa nyeupe. Kwa midomo yetu ya rangi nyeusi au kahawia weupe huo hufichika, au huonekana kama kijivu, kama majivu yaliyopita juu ya mdomo. Kwa hiyo usiishie kutazama nje. Nawa mikono kwa sabuni, simama dirishani mchana (balbu ya njano hudanganya), kisha kunja mdomo utazame upande wa ndani wenye rangi ya waridi. Bonyeza kidogo kwa ncha ya kidole kwa hesabu ya tano. Achia. Mahali pale pataonekana pameparara, kisha damu itarudi. Ikirudi ndani ya sekunde 2, hiyo ni dalili nzuri. Ikichukua zaidi ya 3, au upande mmoja ukichelewa kuliko mwingine, piga simu. Fanya hivyo kulia, katikati na kushoto, juu na chini. Ukimaliza, tazama pia ngozi iliyo kati ya mdomo na pua, na kidevuni, maana mishipa ya huko imeungana na ya mdomo.

Rudia kila baada ya saa tatu au nne siku ya kwanza ukiwa macho, na asubuhi, mchana na jioni siku ya pili. Hakuna haja ya kufanya kila dakika tano. Mdomo unaobonyezwa mchana kutwa utavimba kwa sababu ya kubonyezwa.

Hizi ndizo dalili za kutosubiri asubuhi:

– maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, hasa baada ya ganzi kuisha;
– sehemu iliyoparara, ya kijivu, au yenye mabaka ya zambarau yaliyokaa kama wavu wa kuvulia;
– mdomo kuwa baridi upande mmoja;
– damu kuchelewa kurudi kwenye kipimo cha kidole;
– vijipele vyenye usaha vinavyotoka siku ya pili au ya tatu mahali palipokuwa na mabaka.

Hiyo ya mwisho huwapoteza wengi, kwa sababu hufanana na malengelenge ya homa. Mtu anapaka dawa ya malengelenge, siku mbili zinapotea, kumbe ni nyama inayokufa.

Ukiona dalili hizi usiweke barafu. Baridi huibana zaidi mishipa ambayo tayari imezibwa. Mpigie aliyekuchoma, mtumie picha, na uanze safari. Asipopokea, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na useme kwa maneno yaliyonyooka: "Nimechomwa filla ya asidi ya hayaluroniki mdomoni saa fulani, nadhani mshipa umeziba, nahitaji hayaluronidezi." Waonyeshe stika. Usichukulie kwamba kila hospitali au duka la dawa wanayo akiba. Ndiyo maana swali lile liliulizwa mlangoni.

Yapo mawili ambayo hayahitaji hata simu ya kwanza: macho kupoteza nuru au kuona viwiliviwili, na ulimi au koo kuvimba pamoja na kupumua kwa shida. Ni hospitali moja kwa moja.

Siku ya kwanza hadi ya tatu: uvimbe

Uvimbe hupanda ndani ya saa 24 hadi 48, huanza kushuka siku ya tatu, na sehemu kubwa huisha ndani ya wiki. Huwa hauko sawa pande zote. Upande uliodungwa mara nyingi, au uliovilia damu, hutangulia. Asubuhi huwa mbaya kuliko jioni kwa sababu umelala.

Barafu husaidia siku ya kwanza, ikitumika kwa adabu. Zile barafu za kwenye vifuko vidogo zinazouzwa majumbani zina umbo linalofaa kabisa, lakini nje ya kifuko pamepita mikono mingi. Ioshe, ifute, izungushie kitambaa safi cha pamba, kisha iguse mdomo bila kukandamiza kwa dakika 5 hadi 10. Pumzika nusu saa kabla ya kurudia. Barafu tupu juu ya ngozi yenye ganzi huunguza kama moto.

Lala chali, mito miwili chini ya kichwa, kwa usiku mbili au tatu. Kulala kifudifudi ndiko kunakowaamsha watu na mdomo mmoja wa Tanga na mwingine wa Pangani. Mchana, punguza kuinama: kufua kwenye beseni, kupiga deki, na hasa kusukwa. Saa nne za kuinamisha kichwa kwa msusi zitakurudishia uvimbe wote ulioshuka.

Joto ni adui wa pili. Linapanua mishipa na kuongeza uvimbe na kuvilia damu. Kwa saa 48 usijifukize, usisimame juu ya jiko la mkaa kupuliza au kuchochea, usichome mishkaki, na usikae kwenye jua la saa saba. Kwenye kaskazi, Disemba hadi Machi, hata kivuli cha Tanga kina joto, hivyo kama unaweza kuchagua, chomwa wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, hali ya hewa ikiwa imepoa. Baiskeli nayo uiegeshe siku mbili. Najua ni kama kumwambia mtu wa Tanga aache miguu, lakini kupanda nayo mpaka Raskazone kunapandisha msukumo wa damu usoni, na vumbi linakuja na safari. Bahari, bwawa na mazoezi mazito visubiri siku mbili hadi tatu. Helmeti ya bodaboda inayofunika uso mzima hugandamiza mdomo, panda bajaji.

Anayevaa nikabu avae nyepesi ya pamba, iliyofuliwa, isiyobana mdomoni, na aibadilishe kila ikilowa jasho. Kusukutua kwa udhu hakuna shida: maji safi, bila kusugua midomo kwa kiganja. Mswaki uwe laini, na mdomo usivutwe sana kufika magego.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini. Usikimbilie ibuprofeni, aspirini, au diklofenaki, ile wengi tunayoiita diklopa. Zinapunguza damu kuganda, na doa dogo litageuka kuwa zambarau ya nusu mdomo. Lakini kama daktari wako amekupa aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa sababu ya midomo. Vidonge vya mafuta ya samaki, kitunguu saumu na vitamini E hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi fulani, hivyo viache siku hizo. Tangawizi ya kwenye chai haina neno. Pombe iache saa 24 angalau.

Damu iliyovilia hubadilika rangi, zambarau, kijani, kisha njano, na kwisha ndani ya siku 7 hadi 10. Tofauti yake na mabaka ya mshipa ulioziba ni kwamba doa la damu lina mipaka, linauma kidogo ukiligusa, na kipimo cha kidole pembeni yake kinarudi vizuri.

Vya jikoni visivyofaa mdomoni

Ndimu na asali, manjano, liwa, mafuta ya karafuu: kila nyumba ina yake. Ndimu ndiyo mbaya kuliko zote. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Mafuta ya karafuu huwasha mpaka machozi. Liwa na manjano zina unga, na unga kwenye matundu mapya ni kukaribisha usaha. Pilipili na achari hazina dhambi nyingine ila kuchoma, zirudishe siku ya tatu. Baada ya saa 24 unachohitaji ni mafuta ya mgando safi, na mchana mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya 30 au zaidi. Midomo yenye filla hukauka na kubanduka wiki ya kwanza; usiing'oe magamba kwa meno.

Malengelenge ya homa

Kama umewahi kutokwa na malengelenge mdomoni, sindano zinaweza kukiamsha kirusi chake. Mwambie mchomaji kabla, ili daktari aamue kukupa asiklovia ya kukinga. Yakitoka baadaye huanza kwa kuwasha na kuchomachoma kabla ya vipele vya majimaji kujitokeza. Nenda siku hiyo hiyo, dawa hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Kama una kidonda kibichi siku ya miadi, ahirisha.

Vinundu na kukanda

Ukipitisha ulimi ndani ya mdomo wiki ya kwanza utahisi vinundu kama punje za mchele. Vingi ni uvimbe na jeli ambayo haijatulia, na hulainika ndani ya wiki mbili. Mkono unawasha kuvikanda. Usikande kwa kuiga video. Jeli laini husukumika, na ikivuka ukingo wa mdomo wa juu hukaa pale kama kivuli cha masharubu, ambacho hakiondoki kwa kukanda tena. Kama aliyekuchoma amekuelekeza kukanda, fuata idadi na siku zake: mikono safi, kidole kimoja ndani, kimoja nje, bonyeza kinundu chenyewe bila kuburuta.

Kinundu kinachozidi kukua baada ya siku ya tatu, chenye moto, kinachopwita, au kinachokuja na homa, ni maambukizi mpaka daktari aseme vinginevyo. Usikitumbue wala usijinunulie antibayotiki ya siku tatu dukani.

Bibi harusi

Kwa harusi ya hapa, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya nikaha. Wiki mbili za mdomo kutulia, wiki mbili nyingine za kurekebisha ikiwa pande hazikulingana. Kwa hiyo si chini ya wiki nne kabla. Somo wako aambiwe mapema, kwa sababu singo ikisuguliwa karibu na mdomo inachubua, na kufukizwa udi na mvuke kunaleta lile joto tulilolisema. Singo ya mwili haina tatizo. Usoni iepuke mdomo mpaka wiki mbili zipite. Anayetaka kuchomwa siku tatu kabla ya harusi atapigwa picha kwenye kilele cha uvimbe, na albamu haisubiri.

Wiki ya pili na kuendelea

Siku ya 14 piga tena zile picha nne, mwanga ule ule. Sasa ndipo ukubwa una maana. Kama upande mmoja umepungua, rudi kwa aliyekuchoma na picha zote mbili, na usikubali kuongezwa kabla ya hapo: kuongeza juu ya uvimbe ndiko kunakozaa midomo iliyofura.

Daktari wa meno asubiri wiki mbili, kabla na baada, isipokuwa jino linauma. Kusafisha meno au kung'oa huingiza bakteria kwenye damu, na taya hukaa wazi muda mrefu huku midomo ikivutwa.

Midomo husogea kutwa nzima, kwa hiyo jeli yake huisha mapema kuliko ya mashavu, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12. Katikati ya muda huo, mafua makali, chanjo, au ugonjwa wa meno unaweza kuufanya mdomo uvimbe ghafla kwa siku chache, hata miezi baada ya sindano. Mara nyingi hushuka wenyewe, lakini mwone daktari. Akikuuliza umechomwa nini, mpe ile stika. Ihifadhi mahali unapoweka kadi ya kliniki. Ukipata mimba au ukiwa unanyonyesha, usiongeze.